Pambano Bora la Winchi

Mwanangu Zuhura,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini ya kwako naijua. Uko chumba cha pili, umenyoosha mikono upakwe hina, na kicheko chako kinapita juu ya ukuta mpaka huku stoo nilikojifungia na karatasi. Wageni nimewaambia natafuta masinia. Kesho asubuhi utapanda basi la Mombasa na mumeo, na waraka huu utaukuta sandukuni katikati ya kanga zako, ukiwa umeshavuka mpaka wa Horohoro, wala huwezi tena kuja kuniuliza, "Mama, una maana gani?" Usicheke mwandiko. Ni wewe uliyenifundisha herufi hizi ulipokuwa ukirudi kutoka shule na ubao wako. Mimi nilizoea zile za Kiarabu za chuoni.

Mambo ya jiko, ya chumbani na ya kukaa na wakwe somo yako amekwisha kukufunda, na sina la kumzidishia. Mimi nataka kukueleza jambo ambalo somo yako halijui, kwa sababu hakuolewa na mpiga ngumi. Mimi niliolewa na mmoja. Na wewe sasa umeolewa na mwingine.

Nilikuwa nimekusudia kunyamaza. Kilichonifungua mdomo ni ule ubishi wa Ijumaa, siku ya nikahi, baada ya pilau, wanaume walipobaki barazani na kahawa. Najua mliusikia, wewe na wenzako, maana niliona vidole vyenu kwenye upenyo wa dirisha.

Aliyeanza ni Mzee Bakari, ami yake mumeo Hamadi, yule mwembamba wa koti jeusi. Ujanani alikuwa akisimamia mapambano ya ngumi huko kwao Mombasa, na hakuna bondia wa pwani hii asiyemjua. Akasema, "Ndugu zangu wa Tanga, leo tumekuwa watu wamoja. Basi na ule ubishi wetu tuumalize leo. Pambano bora la Winchi ni lile alilompiga Sajenti wa Nairobi."

Ami yako Sufiani akaweka kikombe chini. Unamjua Sufiani, ukimgusa kwenye mapambano ya nduguye Winchi, babako, umemgusa kwenye donda. Yeye ndiye aliyekaa pembeni mwa ulingo na ndoo na taulo siku zote babako alipopigana. "Lile? Mzee Bakari, lile lilikuwa pambano au chafya? Watu hawajakaa vizuri, limekwisha."

Baraza zima likacheka.

"Chekeni, lakini nisikilizeni," akasema Mzee Bakari. "Sajenti alikuwa hajawahi kuangushwa na mtu. Winchi akaingia, raundi ya kwanza akampima, ya pili akamlaza. Hakuguswa. Alitoka ulingoni vilevile alivyotoka nyumbani kwake. Ngumi ndiyo hiyo. Kumpiga mwenzio na wewe usipigwe."

"Hiyo ni siku njema tu," akasema Sufiani. "Siku njema humjia hata goigoi. Bingwa humjui mpaka umwone taabani. La Nyundo, Mzee Bakari! Jicho limefungwa kama mlango wa duka wakati wa sala, mbavu zinalia, na mtu bado anakwenda mbele, anakwenda mbele! Raundi ya saba Nyundo alikuwa anarudi nyuma. Nyundo! Lini ulimwona Nyundo akirudi nyuma?"

"Mnalipenda hilo kwa sababu Nyundo alikuwa wetu, wa Mombasa."

"Tunalipenda kwa sababu tulikuwepo."

Wakaendelea hivyo, huyu anashika raundi hii, yule raundi ile, na babako amekaa katikati yao na kanzu yake mpya, kichwa kinakwenda huku na huku, anamsikiliza kila anayesema. Ndipo Hamadi, ambaye siku nzima hakufungua kinywa kwa haya ya ubwana harusi, akasema kwa adabu, "Baba, samahani. Wazee wanabishana, na mwenyewe yupo. Ile raundi ya saba, jicho limefumba, Nyundo anakuja. Ulikuwa unafikiri nini?"

Babako akamtazama, akatabasamu. Kisha akamgeukia nduguye. "Sufiani, nilikuwa nafikiri nini?"

Wakaangua kicheko. Mzee Bakari alipiga paja lake mpaka kofia ikamwanguka. Hata nyinyi kule dirishani mlicheka, nikakusikia wewe ukisema, "Baba ana mzaha!" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la kahawa. Sikucheka, kwa sababu babako hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa akiuliza.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Nilipoolewa na babako hakuwa Winchi. Alikuwa Athumani, hamali wa bandarini, kijana mkubwa wa mwili na mpole wa maneno, ambaye akiingia mlangoni hapa hapa Ngamiani hujikunja kwanza. Kazi yao ilikuwa kupakia marobota ya mkonge kwenye matishari ya kupeleka melini, na robota likikwama walimwita yeye kabla ya kuita winchi, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Jina likaanzia hapo. Ngumi zikaja kwa njia hiyo hiyo, wenzake wakimsukuma: mtu mwenye mwili kama huu, mbona hajaribu? Akajaribu. Alipokwenda kupigana na Sajenti alikuwa tayari bingwa wa uzito wa juu wa pwani hii yote, na mimi sikuwa nimemwona akipigana hata mara moja. Mwanamke wa Kiislamu akatafute nini huko? Nilikaa nyumbani nikisubiri, na siku ya Sajenti, aliyeletwa hapa hapa Tanga, alirudi kabla chai haijapoa, uso hauna hata mkwaruzo, akala sahani nzima ya wali, akalala. Nikadhani ngumi ni kitu cha namna hiyo.

Na nikapenda, mwanangu. Usione aibu ukijikuta unapenda, maana na mimi nilipenda. Nikienda bombani wanawake walikuwa wakinisogezea ndoo. Nikipita sokoni nasikia, "Huyo mke wa Winchi." Nilinunua buibui jipya kusudi nipite nalo. Nilikuwa naamka asubuhi nafurahi kuwa mimi.

Ndiyo maana lilipotangazwa la Nyundo nikasema safari hii nakwenda. Wewe tulikupeleka Pongwe kwa bibi yako. Pambano lilifanyika mchana, Jumamosi, kwenye uwanja wa mpira. Walijenga jukwaa la mbao katikati na kulizungushia kamba za mkonge. Sisi wanawake wachache tulipewa nafasi nyuma ya lori lililoegeshwa pembeni, tukakaa juu ya magunia matupu, tumejifunika. Mji wote ulikuwa pale. Mombasa walikuja na malori, na ngoma yao.

Nyundo alikuwa mrefu kuliko babako, na mikono yake sijui niifananishe na nini. Raundi za kwanza zilikuwa za kusogeleana tu. Katika raundi ya nne nikamwona akidanganya kwa kushoto, na mkono wa kulia ukaja kutoka chini, ukatua hapa, kati ya jicho na sikio. Sauti ilifika mpaka kwenye lori. Babako akapiga goti moja. Si kwa kuanguka, alishuka taratibu kama mtu anayetaka kufunga kamba ya kiatu. Refa akaanza kuhesabu. Mwanamke mmoja ubavuni pangu akasema, "Basi, tena." Halafu babako akainuka.

Sasa hapa sikudanganyi. Alichofanya tangu alipoinuka mpaka kengele ya mwisho sijaona kitu kizuri kama hicho, na sidhani nitaona. Sufiani hajazidisha hata neno. Ule uzito wake ulikuwa kama umemtoka. Alikuwa akikwepa ngumi kabla hazijarushwa. Alikwenda mbele tu, jicho limevimba limefumba, uso hauna hasira wala maumivu, hauna chochote, na kila alichorusha kilimpata Nyundo. Mimi niliyeambiwa tangu utoto nishushe sauti, nilisimama juu ya lori, buibui limeniteleza kichwani, napiga kelele, "Mmalize! Mmalize, Athumani!" Waamuzi wote walimpa yeye. Mabaharia, makarani, Wahindi wa madukani, wote walikuwa wakikumbatiana.

Wakambeba mabegani mpaka kwenye darasa la shule iliyo karibu, ndiko alikovulia nguo. Nikashuka kwenye lori nikawafuata, na watu wakanipisha, mke wa Winchi. Nikamkuta amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kifuani, Sufiani anamkanda jicho kwa kitambaa cha maji. Nje watu wanaimba jina lake. Akaniona. Akasema, "Mwanaisha, na wewe umekuja?" Nikamwambia, "Nimekuja." Akatazama dirishani kule watu wanakotawanyika na nyimbo zao.

Akasema, "Mbona watu wanaondoka? Pambano linaanza saa ngapi?"

Sufiani akacheka. "Msikieni huyu! Anataka jingine!"

Wote mle darasani wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Babako naye akacheka, kwa sababu wenzake walikuwa wakicheka. Lakini Sufiani alipotoka kumwaga maji, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama samaki. Akaninong'oneza, "Usinifiche. Tumekwisha pigana?"

Nikasema, "Mmekwisha."

"Nimepigwa?"

"Umeshinda, Athumani. Umeshinda vizuri."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari za jirani.

Siku zilizofuata alikaa ndani pazia limeshushwa kwa ajili ya kichwa. Akaniambia nimsimulie. Nikamsimulia yote niliyoyaona kutoka kwenye lori. Alisikiliza kama ulivyokuwa ukisikiliza wewe hadithi za bibi yako, mdomo wazi, na nikifika mwisho anasema, "Tena pale nilipoinuka." Alipopata nafuu akawa anakwenda kwa kinyozi, kule wanakokaa Sufiani na wenziwe. Kila siku, baada ya kazi. Watu wakasema Winchi ameanza kujisikia, anakwenda kusikiliza sifa zake. Sivyo. Alikwenda kujua alifanya nini.

Baada ya miezi akawa anaweza kulisimulia mwenyewe, na wageni walikuja kumsikiliza. Siku moja niko uani napepeta mchele, nikamsikia anasema, "Jicho limefungwa kama mlango wa duka wakati wa sala." Ungo ukanitoka mikononi. Maneno yale ni ya Sufiani. Nikasikiliza kwa makini tangu siku hiyo, na kila kipande nilikijua kimetoka kwa nani: hiki cha kinyozi, hiki cha Sufiani, na kipande cha kuinuka kilikuwa changu mimi, na makosa yangu ndani yake. Chake hakikuwamo hata kimoja.

Ungetegemea nimzuie asirudi tena ulingoni. Aliniuliza, mwanangu. Alikaa pale kwenye kizingiti akaniuliza, "Mwanaisha, wewe waonaje, niendelee?" Na mimi nilikuwa na lile lori bado kichwani, na ndoo zinazosogezwa bombani. Nikamwambia, "Wewe ndiye Winchi. Mimi nijue nini?" Akaenda. Akapigwa na watu ambao mwaka mmoja nyuma wasingethubutu kumsalimia kwa sauti kubwa. Mzee Bakari na Sufiani hayo hawabishani juu yake. Mapambano ya mwisho hayana mtu wa kuyagombea.

Mengine umeyaona kwa macho yako, ila tulikupa majina mengine. Tulikuambia baba amechoka. Alipoondolewa kwenye kupakia na kuwekwa kulinda ghala, tulikuambia amepandishwa cheo. Ile siku alipokuja shuleni kwenu kukuchukua wakati shule ilikuwa imefungwa, akasimama getini na mwavuli mpaka mwalimu mmoja akamrudisha, nilikuambia alikuwa na shughuli upande ule. Akisimama katikati ya ua hajui alikuwa anakwenda wapi, nilikuwa namtuma kitu, chochote, lete kuni, lete kata, kusudi apate pa kwenda. Nimekuwa hodari wa kazi hiyo. Kuna siku anakasirika, anapiga ukuta kwa kiganja, na mimi natoka nje nasubiri, na nikirudi ananiuliza kwa upole kwa nini nilikuwa nimesimama juani.

Sikuandikii haya umchukie Hamadi. Ni kijana mzuri, anampa babako heshima ambayo wengi wameiacha. Lakini alipokuja kuposa, nilimtazama alivyokuwa akimtazama babako, nikaogopa. Anataka kuwa na siku kama ile ya Nyundo. Na wewe, niliona ulivyokuwa ukimtazama yeye.

Kwa hiyo hili ndilo ninalokuomba. Usihangaike sana na damu, damu huosheka. Jicho hufunguka. Akirudi kutoka ulingoni, kabla rafiki zake hawajaingia na kelele zao, kaa naye peke yenu, umwambie akusimulie. Usimsaidie. Akikwama, usimmalizie sentensi, hata kama ulikuwepo na unajua, hata kama anakuomba kwa macho. Nyamaza usikie kama kumbukumbu anayo yeye mwenyewe. Na akiwa hanayo, basi mwanangu, siku hiyo piga kelele kuliko nilizopiga mimi juu ya lori, umwite Mzee Bakari, umwite mama mkwe, uniite mimi, lala mlangoni asitoke. Na akikuuliza waonaje, mjibu. Mimi niliulizwa nikajifanya sijui.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Lakini leo mchana limetokea jambo, nami nataka ulijue kama lilivyokuwa.

Hamadi alikuja peke yake baada ya adhuhuri. Nilikuwa nyuma ya pazia nachagua mchele. Akamwamkia babako, "Shikamoo baba," akaitikiwa marahaba, akakaa mkekani. Kisha akasema, "Baba, juzi nilipokuuliza ulijibu kwa mzaha, nikacheka na wenzangu. Usiku sikupata usingizi. Naomba uniambie wewe mwenyewe. Lipi lilikuwa bora?"

Babako aliinamisha kichwa nikadhani amesinzia. Nikashika pazia niingie, nimsaidie kama kawaida yangu. Ndipo akasema, polepole, "La Nyundo mimi sikuwepo."

"Hukuwepo vipi, baba?"

"Waulize waliokuwepo. Sufiani alikuwepo. Mwanaisha alikuwepo. Mimi nilikuta watu wanaondoka."

Zuhura, kwa miaka yote hii nilidhani nimemficha kwamba masimulizi yale si yake. Nilidhani hajui kwamba najua, na pengine alisahau kwamba hakumbuki. Nilikaa chini pale pale na sinia langu la mchele.

Babako akaendelea. "Kama unataka langu, langu ni la Maramba." Mimi mwenyewe Maramba sikuwahi kumsikia akiitaja. Akamweleza kwamba alikuwa bado kijana, hajaitwa Winchi, wakapanda lori kwenda shamba la mkonge huko, manamba, wale vibarua wa shamba, walikuwa na sikukuu na wanataka burudani. Akapangiwa Mshambaa mmoja, mkata mkonge, jina lake Hoza, mfupi, mpana kama kabati. "Alinipiga hapa," akasema, nami nikachungulia nikamwona ameshika ubavu. "Nikampiga hapa. Alikuwa akipumua kwa mdomo, fuu, fuu, akitaka kupiga anaacha kupumua. Nikamjua kwa hilo. Na yeye akanijua, wakati ule sikujua kwa lipi, maana kila nilipotaka kupiga keshahama." Mvua ikanyesha. Hakuna aliyeondoka. Udongo ukawa uji. Mwishoni wakarusha pamoja, wakateleza pamoja, wakaanguka pamoja, huyu juu ya huyu, refa akasimama na kidole hewani hajui amhesabie nani.

Babako alikuwa amesimama, Zuhura. Amepanga miguu, mabega yamejikunja, mkono wa kushoto mbele. Akateleza, akajishika ukutani, anacheka. Kisha akasema jinsi mke wa Hoza alivyowapikia bada, ugali wa muhogo, na papa, wakala wote sahani moja, nguo zinakauka motoni, na Hoza akawa anamwonyesha jinsi alivyojua ngumi zake zinatoka wapi: babako alikuwa akiuma mdomo kwanza.

"Nani alishinda?" Hamadi akauliza.

"Hakuna. Walisema sare."

"Na hilo ndilo bora, baba?"

"Ninalo lote," akasema babako.

Hamadi alipotoka alipitia uani akanawa uso, akanawa tena. Akaniona. Akasema, "Mama, mimi nina pambano baada ya Idi. Mabango yameshabandikwa." Nikamwambia najua. Akasimama pale, maji yanamdondoka kidevuni, kama mtu anayetaka kuulizwa kitu. Sikumwuliza. Sikumwambia pigana wala usipigane. Si mume wangu, na neno langu angelibeba kwa heshima tu, kisha angeliweka mahali. Akasema, "Zuhura anajua habari ya baba?" Nikasema, "Atajua." Akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Hilo pambano sijui kama litakuwepo. Hayo mtayajua nyinyi wawili.

Nilipofika hapa kwenye kuandika, mlango wa stoo ulifunguliwa. Babako. Akauliza, "Unamwandikia nani?" Nikasema, "Zuhura." Akafikiri, akasema, "Kwani Zuhura yuko wapi?" Na wewe ulikuwa unacheka chumba cha pili, sauti yako iko baina yetu.

Niliweka kalamu. Sasa unajua kwa nini nilikuja nikakutoa katikati ya wenzako, hina haijakauka, somo yako analalamika, wewe mwenyewe umenuna, "Mama, jamani, nini tena?" Nikakukalisha kwenye mkeka mbele yake, umeinua mikono hewani usiguse kitu. Nikamwambia, "Baba Zuhura, msimulie mwanao la Maramba."

Akakutazama wewe, akanitazama mimi. Nami ikabidi nijishikize kwenye pazia, maana aliposema, "Tulipanda lori," akakwama, na mimi nilikuwa na neno linalofuata mdomoni, nimelisikia mchana huu huu, na wewe ukanigeukia nimsaidie. Sikumsaidia. Tukakaa. Nje mtoto wa jirani alikuwa akiita kuku. Nikaona midomo yake inatafuta.

"Lori la mkonge," akasema. "Na mvua ilikuwa haijaanza."

Akakusimulia mpaka mwisho.

Nakuombea usalama wa njia na wa nyumba, na ukifika nipe habari zenu, za nje na za ndani.

Ni mimi mamako,
Mwanaisha